Ufa Hauzibwi kwa Methali

Ni vigumu kumpata mtoto wa Tanzania aliyemaliza darasa la saba asiyeweza kuikamilisha methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwandikie nusu ya kwanza ubaoni, naye atakujazia nusu ya pili bila kufikiri. Atakueleza maana yake ya nje na maana yake ya ndani, na atapata alama zote. Sasa mpe mtoto huyo huyo mwiko, karai la udongo na ndoo ya maji, umwonyeshe ufa wa kweli katika ukuta wa darasa alimoketi, kisha umwambie auzibe. Atakutazama kana kwamba umemwambia arushe ndege. Wala usimcheke, maana yamkini mwalimu aliyemfundisha methali ile naye hawezi, na mzazi aliyemnunulia daftari hawezi.

Hili ndilo jambo ninaloligombania katika kurasa hizi. Nasema hivi: mwenye nyumba asiyeweza kuitengeneza nyumba yake hata katika mambo madogo ni mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe, hata kama hati ya kimila ina jina lake. Na shule inayomtoa mtu wa namna hiyo haijamwelimisha, hata ikimpa cheti chenye madaraja ya kuvutia.

Mtu wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 700, anaweza kuahirisha. Sisi wa Ikuti hatuwezi. Katika nchi hii ya Tukuyu mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka. Huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na hata miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe ukalowesha kila kitu. Mvua hiyo ndiyo inayotupa ndizi, chai na viazi. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayokula nyumba zetu.

Tena hula polepole, na hapo ndipo tunapodanganyika. Maji yanayoanguka kutoka ukingoni mwa bati hupiga ardhi, yakarusha matope kwenye mguu wa ukuta. Msimu wa kwanza lipu hubadilika rangi tu. Msimu wa pili huanza kuachia ukuta, na ukiigonga kwa kidole hulia kama debe tupu. Baada ya hapo tofali la chini, hasa lile la udongo lisilochomwa, hubaki wazi na kulainika. Ukuta mzima wa juu, pamoja na kenchi na mabati, sasa umekaa juu ya kitu kilicho kama uji. Ndipo ufa unapotokea dirishani, na mwenye nyumba anashangaa umetoka wapi. Haukutoka dirishani. Ulianzia chini, misimu kadhaa iliyopita, siku ambayo mtaro ulijaa majani na hakuna aliyeuzibua.

Je, dawa yake ni nini? Ni mtaro wa kina cha shubiri moja, mawe yaliyopangwa vizuri chini ya upenu ili maji yaangukie mawe badala ya udongo, na karai moja la lipu. Mawe hatununui; mlima ulikwisha kututapikia ya kutosha. Kazi yote ni ya Jumamosi moja. Lakini kwa kuwa Jumamosi ile haikupatikana, familia itajenga ukuta, na safari hii itakopa.

Wapo watakaosema kwamba ufundi ni kipaji, na kwamba sisi wengine hatukujaliwa. La hasha! Hebu tuwatazame wazee wetu. Mwaka 1879 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita katika nchi ya Wanyakyusa akielekea Ziwa Tanganyika, na katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1881 aliusifu usafi wa vijiji na uzuri wa nyumba katikati ya migomba. Miaka ya 1930 walikuja Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakakaa kwetu wakichunguza maisha yetu, na mwaka 1951 Monica Wilson akatoa kitabu kuhusu vijiji vya marika. Humo ameeleza jambo ambalo wajukuu zetu wakisimuliwa hudhani ni hadithi: watoto wa kiume, walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, walitoka katika nyumba za baba zao wakaenda kujijengea vibanda vyao pembezoni mwa kijiji. Walikula kwa mama zao, lakini walilala walikojenga. Vibanda vya mwanzo vilikuwa vibovu, bila shaka. Kadiri walivyokua walivijenga upya, vikubwa na imara zaidi, hata siku ya kuoa kila mmoja akawa na nyumba yake.

Sisemi turudi katika vijiji vya marika, vilikwisha zamani. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba katika utaratibu ule hapakuwa na mtoto aliyeambiwa hakujaliwa kipaji cha kujenga. Kujenga lilikuwa jambo la kila mtu, kama kupika au kulima. Na Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 na ujenzi wa namna nyingine, wazee wetu hawakusema kwamba matofali ya kuchoma na mbao za kupasua ni mambo ya wageni. Walijifunza, wakayafanya yao.

Basi ni nini kilichotuharibu? Wengine husema ni uvivu. Sikubaliani nao. Mtu anayechuma chai tangu alfajiri kwenye baridi ya kwetu, kikapu mgongoni, huwezi kumwita mvivu. Kilichotuharibu ni kwamba shule zimewafundisha watoto kuwa kazi ya mikono ni adhabu.

Fikiria jinsi mambo yalivyokuwa, na yalivyo bado katika shule nyingi. Aliyechelewa namba akafyeke. Mpiga kelele akachimbe shimo la taka. Aliyeshindwa hesabu akabebe mawe. Na yule wa kwanza darasani? Huyo alikaa kivulini na kitabu chake. Mtoto si mjinga. Kwa miaka saba anatazama nani hupewa jembe na nani huachwa na kalamu, naye anaweka hesabu kichwani. Akimaliza shule amekwisha kujifunza somo moja kuliko yote, ambalo halimo katika muhtasari wowote: kwamba nyundo ni ya walioshindwa.

Mwalimu Nyerere hakuagiza hivyo. Alipotoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967, alitaka shule iwe pia mahali pa kazi, na watoto waone uhusiano wa kile wanachosoma na kile wanachofanya. Hakuna mahali aliposema kazi iwe kiboko. Lakini katika shule nyingi kujitegemea kukageuka kuwa shamba la shule lililolimwa na wakosaji, na karakana ikawa stoo ya madawati yaliyovunjika. Katika shule niliyoiongoza mwishoni mwa utumishi wangu nilipiga marufuku kazi kutolewa kama adhabu. Mtoto aliyekosa alinyimwa kazi: Ijumaa hiyo hakuruhusiwa kugusa randa wala msumeno, akakaa akiwatazama wenzake wakitengeneza madawati. Msomaji huenda asiamini jinsi watoto walivyoililia nyundo.

Matunda ya mafundisho yale mabaya ninayaona kila msimu. Mvua za mwaka juzi nilikwenda kumjulia hali mama mmoja mjane, jirani yangu. Nilimkuta mjukuu wake, kijana mwenye stashahada, ameketi sebuleni na simu mkononi. Juu ya kitanda cha bibi yake palikuwa na sufuria, na maji yalikuwa yakidondoka humo.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema.

“Marahaba, mjukuu wangu. Sufuria inafanya nini kitandani?”

“Bati linavuja, Mwalimu. Nimempigia baba mdogo Mbeya atume hela ya fundi.”

“Umepanda kuangalia?”

“Hapana, Mwalimu. Mimi sijasomea ufundi.”

Sijasomea! Neno hilo ndilo kaburi la nyumba zetu. Kijana ana miguu ya kupandia ngazi, ana macho ya kuona tundu, ana akili iliyofaulu mitihani yote aliyopewa; lakini kwa kuwa hakuna cheti kinachomruhusu kupanda juu ya nyumba ya bibi yake, bibi analala upande mmoja wa kitanda na sufuria upande wa pili.

Siku iliyofuata palikuwa na jua la saa chache. Nilimshikia ngazi, akapanda yeye. Nilimwambia aweke ubao juu ya mabati na kuukanyaga pale tu palipo na mbao chini yake. Akakuta kile nilichokitegemea: misumari miwili ilikuwa imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo. Bondeni ndiko maji yanakopita, kwa hiyo kila tundu la huko ni bomba. Aliing'oa, akasugua kutu kwa msasa, akaziba matundu kwa viraka vya kitambaa vilivyoloweshwa lami, akapigilia misumari mipya mgongoni, kila mmoja na kipande cha mpira chini ya kichwa chake. Kazi haikuchukua hata saa nzima. Aliposhuka alikuwa akitabasamu kama mtoto. Tangu siku ile amekwisha kutengeneza mlango wa choo na kuinua upya ukingo wa baraza, na hakuna aliyemwomba.

Najua kuna majibu yatakayotolewa dhidi yangu, na mawili ni ya kweli kiasi cha kustahili kujibiwa.

La kwanza husema: ukimfundisha kila mtu kujitengenezea, mafundi watakula nini? Swali hili lina huruma ndani yake, lakini halina hesabu. Fundi wa kweli hatajiriki kwa kubadilisha komeo. Anaishi kwa kujenga nyumba, kutengeneza kenchi, kuunda milango na vitanda. Anayeumia mwenye nyumba akijua kazi ni yule fundi mwongo peke yake. Mwenye nyumba anayejua kwamba lipu hutaka ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne hadi sita za mchanga, hawezi kuchanganyiwa moja kwa kumi huku mfuko uliobaki ukipelekwa kwingine usiku. Anayejua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 hawezi kuuziwa moja kwa bei ya jingine. Fundi mwaminifu humpenda mteja wa namna hiyo, kwa sababu huyo ndiye anayeweza kuona kwamba kazi yake ni nzuri.

La pili husema: kazi nyingine ni za hatari. Ni kweli, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Umeme usiuguse. Nyaya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na kijana atakayenionyesha jinsi alivyojiunganishia umeme mwenyewe nitamfukuza uwanjani kwangu. Kadhalika shimo refu la choo, na kuinua kenchi za nyumba pana, si kazi za kujaribia. Lakini tazama jinsi hoja hii inavyotumiwa. Mtu anaanza na umeme, anamalizia na kitasa. Kwa sababu hawezi kuunganisha nyaya, basi bawaba ya mlango nayo isubiri mtaalamu! Bawaba iliyolegea inataka skrubu zitolewe, matundu yajazwe vijiti vya mti vilivyopakwa gundi, na skrubu zirudishwe. Hakuna aliyekufa kwa kazi hiyo. Na kujua mahali pa kukoma nako ni sehemu ya ufundi. Asiyejua lolote ndiye anayeogopa kila kitu, au asiyeogopa chochote.

Kwa wale wanaopenda hesabu, natoa moja ndogo. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Hata ukisema matone 20 hufanya mililita 1 tu, hayo ni zaidi ya lita 4. Kwa siku tano ndoo ya lita 20 imejaa, na haikunywewa na mtu wala mche. Kinachotakiwa mara nyingi ni kipande cha mpira ndani ya koki, kikubwa kama sarafu. Hesabu hii ingefaa sana darasa la sita, lakini tu kama baada ya kuikokotoa watoto wangepelekwa kwenye koki ya shule, wafunge maji, waifungue, na waitengeneze.

Hapo ndipo nirudi shuleni, maana kosa lilianzia huko na halitakwisha kwingine. Taifa letu linajua kujenga. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza ujenzi wa madarasa 15,000 kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa wakati wa UVIKO-19, na mengi yalijengwa kwa muda mfupi na mafundi wa mahali penyewe. Sina ugomvi na jambo hilo, nalipongeza. Lakini jengo jipya lina utepe wa kukatwa na mgeni wa kuukata, na bati lililopigiliwa upya halina utepe. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi ilihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka. Toa humo mahitaji ya kufundishia na mitihani, uone kinachobaki kwa ajili ya kioo cha dirisha. Shule inayosubiri fedha kutoka mbali ili kubadilisha bawaba itasubiri mpaka mlango uanguke, na kisha itaomba fedha za mlango.

Je, shule yenye watoto mia tano haina mikono ya kushika bisibisi? Ina mikono elfu moja. Isichonayo ni mtu wa kuifundisha, na ruhusa ya kuamini kwamba hilo nalo ni somo. Tulikuwa na somo la Stadi za Kazi katika shule za msingi, lakini halikuwamo miongoni mwa masomo ya mtihani wa taifa wa darasa la saba. Na mwalimu yeyote atakuambia kwamba kisichotahiniwa huliwa na kinachotahiniwa. Sasa tumeambiwa habari njema: tangu Januari 2024 mtaala mpya wa sekondari una mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Nafurahi, ila nina shaka moja. Mkondo ukitengwa kwa baadhi ya watoto, wengine wote watapata udhuru mpya. Yule wa mkondo wa jumla naye atasema sijasomea, na safari hii atakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Ufundi wa kupatia riziki na uwe wa wanaouchagua. Ufundi wa kutunza nyumba uwe wa kila mtoto, wa kiume na wa kike.

Narudia: na wa kike. Wapo wanaume kwetu wanaoona aibu binti akishika nyundo. Binti huyo ndiye mjane wa kesho, aliye chini ya bati linalovuja, akingoja shemeji, mtoto au mjukuu apate nafasi. Kumnyima nyundo leo ni kumwandalia sufuria ya kitandani.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila nyumba iwe na nyundo, msumeno, bisibisi, plaizi, mwiko, tupa, futi kamba na timazi, vikitunzwa mahali pamoja kama tunavyotunza jembe na panga. Vingine majirani wanaweza kununua kwa shirika. Kila shule itenge saa mbili kwa juma za kukarabati majengo yake, na kazi hiyo ipewe wanaofanya vizuri kwanza, ili ionekane ni heshima. Na miezi ya Agosti na Septemba, ambayo kwetu ndiyo mikavu, ihesabiwe kuwa msimu wa nyumba, kama ilivyo misimu ya mashamba.

Msomaji mwenye nyumba, ukimaliza ukurasa huu zunguka nyumba yako mara moja. Tazama mguu wa ukuta upande unaopigwa na mvua. Tazama ndani, chini ya mabati, kama pana doa jeusi kwenye mbao. Fungua na kufunga kila mlango, usikilize. Chagua kitu kimoja, kile kidogo kuliko vyote, ukitengeneze kabla ya Jumapili. Na kama kuna mtoto nyumbani, mwite akushikie misumari.